Famakolojia mwaka wa 2: majina yanateleza, hesabu zimenikwamisha

MvukaFeri
Asalaam aleikum wakuu. Nasoma ufamasia hapa Mombasa. Mtihani wa famakolojia umebakia wiki 5, na majina ya dawa nikiyakariri usiku, asubuhi hayapo. La pili ni dozi ya kuanzia, ile ya kwanza ya kuifikisha dawa haraka kwenye lengo. Swali la jaribio: mgonjwa wa kilo 60, vidonge vya digoksini (dawa ya moyo), ujazo wa mtawanyo (lita za kinadharia ambamo dawa imesambaa) lita 7 kwa kila kilo, lengo damuni mikrogramu 1 kwa lita. Nikapata 420, nikapewa nusu ya alama. Nimekosea wapi?

Tembe_Mbili
Waleikum salaam. Umesahau kwamba ni kidonge. 7 × 60 ni lita 420, mara 1 ni mikrogramu 420, lakini hizo ndizo zinazotakiwa ziwe mwilini, si za kumeza. Digoksini ya vidonge hufika damuni kama asilimia 70. Gawa 420 kwa 0.7, upate 600. Wodini haimezwi yote kwa mpigo, hugawanywa kwa saa kadhaa huku mapigo ya moyo yakiangaliwa.

Andika vizio kila mstari. Miligramu 0.25 ni mikrogramu 250; nukta ikiteleza hatua moja umempa mtu mara 10. Na lita 420 ndani ya mtu wa kilo 60 zisikutishe, si maji halisi. Dawa imejichimbia kwenye misuli, damuni imebaki kidogo.

MvukaFeri
Kumbe! Basi nikimpa hizo 600, kiwango tulivu, yaani dawa inayoingia ilingane na inayotoka, kinafika siku hiyo hiyo?

Tembe_Mbili
La. Dozi ya kuanzia inakusogeza karibu na lengo, basi. Utulivu wenyewe huamuliwa na nusu-maisha, yaani muda wa dawa kupungua nusu. Ya digoksini ni kama saa 40 figo zikiwa nzima. Kiwango hutulia baada ya nusu-maisha kama 5, kwa hiyo zidisha kwa 5: saa 200, siku 8 na kitu. Dozi ya kila siku isipolingana na kinachotoka, kiwango kitateleza polepole hadi kikae pengine kabisa. Figo zikichoka nusu-maisha hurefuka, kwa hiyo swali likikutajia kreatinini (kipimo cha damu cha figo) si pambo hilo.

KizioSahihi
Nyongeza: usipeleke hesabu hiyo kwenye fenitoini, dawa ya kifafa. Vimeng'enya vya ini vinavyoivunja hujaa upesi. Ukitoka miligramu 300 kwenda 400 unategemea kiwango kipande kwa theluthi, kumbe chaweza kupanda mara mbili au zaidi, mgonjwa akaanza kuyumba na macho kuchezacheza. Watahini wanaipenda hiyo.

Bi_Kabati
Kuhusu majina, mdogo wangu, acha kukariri orodha. Kila kundi shika dawa moja uijue sawasawa: inashika kipokezi gani (sehemu ya seli inayopokea dawa), nini hutokea, inatokaje mwilini, nani asipewe. Zilizobaki jifunze tofauti zake tu. Propranololi hufunga vipokezi vya beta 1 (vya moyo) na beta 2 (vya njia za hewa), kwa hiyo humbana mwenye pumu. Atenololi huelemea beta 1 zaidi. Huo ni mstari mmoja.

Mikia ya majina inasaidia, ila ina mitego. Salbutamoli si ndugu ya propranololi, yenyewe huamsha beta 2. Na "-azoli" ndiyo balaa: omeprazoli ni ya asidi ya tumbo, flukonazoli ya fangasi, albendazoli ya minyoo, kabimazoli ya tezi la shingo. Tazama silabi zilizo kabla ya mkia.

KizioSahihi
Na mifano ya mtaani haisahauliki. Muguka, majani ya kutafuna kama miraa: kathinoni iliyomo husukuma dopamini na noradrenalini, kemikali za neva, zitoke kwenye ncha za neva. Sasa eleza mwenyewe kwa nini moyo unaenda mbio, mboni zinapanuka na njaa inakatika. Majani yakikauka kathinoni hugeuka kathini iliyo dhaifu, ndiyo maana mzigo unakimbizwa ufike ungali mbichi.

MvukaFeri
Shukran sana. Na dawa ya malaria, kwa nini artemeta ichanganywe na lumefantrini?

Bi_Kabati
Artemeta huua vimelea haraka lakini nusu-maisha yake ni saa chache. Lumefantrini hukaa siku kadhaa ikamaliza mabaki. Mtu mzima humeza vidonge 4 vya 20/120 (miligramu za artemeta na za lumefantrini) mara 6: saa 0, 8, 24, 36, 48 na 60, jumla 24. Kosa la kawaida kwenye karatasi ni kuandika dozi ya pili baada ya saa 12. Lumefantrini haifyonzwi vizuri bila mafuta, kwa hiyo mgonjwa mwambie ameze na chakula. Mahamri na mbaazi za nazi zinatosha kabisa. Akitapika ndani ya saa moja, anarudia dozi ile.

MvukaFeri
Nimenakili yote kwenye kadi. Foleni ya feri ya Likoni leo ndefu, naanza na beta.