Binti yangu anataka kuacha masomo Lyon na kurudi Pemba: nimruhusu?

Mama wa Chake Chake:

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Binti yangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya lugha, yuko Lyon, Ufaransa, tangu mwezi wa Septemba kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi. Kifaransa alikisoma hapa kwetu kwa miaka mitano na alikuwa akiongoza darasani, lakini sasa kila tukizungumza kwa simu ananiambia kwamba wahadhiri wanakwenda mbio, wenzake wanameza nusu ya maneno, na yeye hukaa kipindi kizima bila ya kufungua mdomo. Wiki iliyopita alirudishiwa kazi yake ya kwanza ya kuandika akiwa amepata 11 kati ya 20. Alilia sana, akasema kwamba anataka kurudi kabla ya mitihani ya Januari. Mimi ni mwalimu wa skuli na Ufaransa sijafika, kwa hivyo nachelea kumlazimisha abaki mahali panapomuumiza, na nachelea vilevile kumwachia akate tamaa wakati pengine mambo yamekaribia kumfungukia. Kwa mliosoma huko, hali hii ni ya kawaida, au mtoto ameelemewa?

Mkaazi wa Mkunazini:

Waalaykumu salaam, na shikamoo mwalimu. Nilisoma Lyon kwa mwaka mmoja, na mwezi wangu wa pili ulikuwa kama huo unaoueleza.

Naomba nianze na alama, kwa sababu nahisi ndizo zilizomvunja moyo, na hazikustahiki machozi. Wafaransa husahihisha kwa 20, lakini 20 yenyewe ni nadra kutolewa. Alama ya kufaulu ni 10; anayepata 12 huhesabiwa amefanya vizuri kiasi, 14 ni vizuri, na 16 ni vizuri sana. Mgeni aliyepata 11 katika kazi yake ya kwanza, tena kwa lugha aliyojifunza baada ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, amefaulu kwa kipimo kile kile wanachopimiwa waliozaliwa na lugha hiyo. Isitoshe, alama za masomo ya muhula mmoja kwa kawaida hufidiana, na anayeanguka hupewa mtihani wa marudio unaoitwa rattrapage, ingawa aulize mapema utafanyika lini, maana unaweza kufika naye ameshaondoka.

Mimi kilichonipunguzia alama hakikuwa sarufi, bali namna ya kupanga hoja. Huku tumezoea kwamba anayejua zaidi huandika zaidi. Kule msahihishaji hutaka kwanza uonyeshe swali lililojificha ndani ya swali, wanaloliita problématique, kisha sehemu mbili au tatu zinazolijibu kwa mpango unaoonekana, na aliyejaza kurasa za mambo ya kweli bila ya mpango huo hukatwa alama bila ya huruma. Binti aombe aonyeshwe kazi ya mwenzake iliyopata 14, aisome kwa utulivu.

Kuhusu kimya, katika mihadhara mikubwa ya ukumbini hakuna anayemtarajia mtu aseme, kwa hivyo hapo asijilaumu. Madarasa madogo, yale wanayoyaita TD, ndiyo yenye mazungumzo. Sisi tumelelewa kwamba adabu ya mwanafunzi ni kusikiliza, ilhali mwalimu wa kule akimwona mtu kimya wiki baada ya wiki huenda akadhani hakujitayarisha. Nilikuwa nikiandika sentensi moja tu usiku, kisha naisema ndani ya dakika kumi za mwanzo, kabla hofu haijakomaa.

Na kilichonifungua ulimi hasa kilikuwa salamu. Watu husema kwamba Wafaransa ni wakali madukani, lakini ukiuliza bei bila ya kutanguliza bonjour umefanya kama aliyeingia nyumba ya watu bila ya hodi, na sisi tunajua uzito wa kosa hilo. Soko la Croix-Rousse, lililo juu ya kilima, hufunguliwa kila siku isipokuwa Jumatatu. Nilikwenda huko kila Jumamosi nikinunua kwa wauzaji wale wale, na baada ya wiki chache walikuwa wakinisahihisha kwa upole kuliko mtu yeyote chuoni.

Mwezi wa Disemba mpigie simu mara nyingi zaidi. Jua la huko hutoka baada ya saa mbili asubuhi na Magharibi huingia karibu na saa kumi na moja jioni. Kwa mtoto wa Pemba, aliyezoea jua kuchwa karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, kiza hicho peke yake huleta huzuni.

Mngazija wa Malindi:

Shikamoo Bi Mwalimu. Nakubaliana na ndugu yangu wa Mkunazini, ila sentensi moja darasani haimtoshi mtu anayekula peke yake kila usiku. Mimi nilisoma Marseille, mji wenye Wangazija wengi sana, na Kingazija kiko karibu na Kiswahili kiasi kwamba Ijumaa ya kwanza nilipotoka msikitini nilialikwa chakula. Ni kweli kwamba Kifaransa changu kilisimama kwa miezi mitatu kwa sababu ya raha hiyo, lakini bila ya watu wale ningerudi. Kutoka Lyon ni chini ya saa mbili kwa treni ya kasi. Aende walau mara moja.

Mama wa Chake Chake:

Mungu awalipe. Jana usiku nilimsomea majibu yenu, ndipo akaniambia jambo alilonificha: mtu mmoja alimwambia kwamba hijabu hairuhusiwi chuoni, na tangu siku hiyo hukaa safu ya nyuma kabisa ili mwalimu asimtazame. Je, ni kweli?

Mkaazi wa Mkunazini:

Si kweli, mwalimu, na nasikitika kwamba amelibeba peke yake. Sheria ya mwaka 2004 inayokataza alama za dini zilizo wazi inawahusu wanafunzi wa skuli za serikali, za msingi na sekondari. Vyuo vikuu havimo. Sheria ya mwaka 2010 inakataza kufunika uso hadharani, na hijabu haifuniki uso. Akae safu ya mbele, ambako pia atawasikia wahadhiri vizuri zaidi.

Mama wa Chake Chake:

Nimemfikishia neno kwa neno. Tumekubaliana kwamba atafanya mitihani ya Januari na tiketi yake ya kurudi itabaki kwa tarehe ile ile. Jumamosi hii atakwenda hapo sokoni Croix-Rousse, na ameniomba nimweleze namna ninavyopika mchuzi wa nazi.