Mrejesho: picha za ziwa la mlimani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini theluji kando ya ziwa inatoka ya kijivu kwenye picha zangu, na kwa nini ndege wakiruka wanatoka wamefifia, bila umbo kamili.

Kuhusu theluji mlisema kweli. Kamera ikikutana na weupe mwingi hupunguza mwanga. Nimeuongeza kwa hatua moja na nusu, weupe ukarudi. Kwa ndege nilipandisha kasi ya shata, kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga, hadi 1/2000 ya sekunde. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nayo ilipanda na kuleta chengachenga pichani, lakini bora chenga kuliko bawa lisiloonekana.

Kilichonigusa hasa ni alfajiri za msimu wa majani kugeuka rangi. Maji bado yana joto kuliko hewa, ukungu unafuka juu yake, na upepo usipoamka mlima mzima unalala majini. Filta ya polaraiza, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachokata mng'ao wa maji, niliivua, maana ilikuwa ikiifuta taswira ile ile niliyoifuata. Nikakaa chini, kimya, karibu saa nzima. Bata walikuja wenyewe, ningewafuata, wangeruka.

Jua kali la mchana wa kiangazi bado linanishinda. Mwenye mbinu anisaidie.