Naombeni ushauri: vifaa vya kampuni tofauti kwenye mtandao mmoja, navisimamiaje?

Fundi wa Chuo:
Wakuu habari za jioni. Mimi ndiye fundi pekee wa mtandao kwenye chuo kimoja hapa Iringa. Tuna swichi za Cisco za zamani, ruta ya MikroTik, vifaa vya Wi-Fi vya Ubiquiti, kamera za Hikvision, printa na UPS mbili. Kila kampuni na programu yake. Anwani za IP nimeziandika kwenye daftari.

Jumatatu dirisha la ada lilikosa mtandao saa tatu nzima. Nimezunguka weee, kumbe mtu kachomeka ruta ya nyumbani chini ya meza, nyuma ya boksi la karatasi, inagawa anwani zake za 192.168.1. Wanafunzi walisimama juani muda wote huo. Imeniuma sana. Bajeti hakuna, nina kompyuta kuukuu ya RAM GB 8. Nianzie wapi?

Mzee wa Seva:
Pole sana mkuu. Hiyo kompyuta inatosha kabisa. Weka mfumo endeshi wa Debian, halafu LibreNMS, programu ya bure ya kufuatilia vifaa vyote sehemu moja. Vifaa karibu vyote hivyo vinajua lugha moja ya kutoa taarifa zao, SNMP, ila kwenye MikroTik huwa imezimwa, kaiwashe. Kamera usihangaike nazo, ping tu, yaani kuzipigia hodi uone kama zinajibu, inatosha. UPS kama haina kadi ya mtandao, ichomeke kwa USB na utumie programu ya NUT, utaona chaji ya betri.

Dada Kebo:
Naongezea hapo. Usiache "public" kama neno la siri la SNMP, hilo kila mtu analijua. Kifaa kinachokubali toleo la 3 kipe hilo, lina nywila na usimbaji. Vya zamani vipe toleo la 2c, toleo la 1 achana nalo: kihesabio chake cha data inayopita ni cha biti 32, na kwenye poti ya Gbps 1 iliyojaa kinarudi sifuri kila sekunde 34 hivi, na LibreNMS inasoma kila dakika 5. Grafu itakudanganya.

Lakini mkuu, kilichokuangusha Jumatatu SNMP isingekizuia. Washa ulinzi wa DHCP (huduma inayogawa anwani za IP), yaani DHCP snooping, kwenye swichi, uamini poti inayoelekea kwenye ruta yako peke yake. Ruta ya chini ya meza haitagawa anwani tena. Na kamera zitenge kwenye VLAN yake, yaani mtandao wa peke yake ndani ya swichi zile zile, zisikae pamoja na kompyuta za uhasibu.

Fundi wa Chuo:
Dada Kebo, ulinzi nimeuwasha jana usiku watu wakiwa wameondoka, asubuhi dirisha la ada limefanya kazi bila shida. Mzee wa Seva, LibreNMS imesimama, tena imekuta swichi moja stoo ya maabara ambayo haimo hata kwenye daftari langu! Ila poti ya 7 ya hiyo swichi makosa ya CRC (data inayofika ikiwa imeharibika) yanapanda kila nikiangalia. Ndiyo inakufa?

Dada Kebo:
Usiizike bado. Badilisha kwanza waya mfupi wa poti hiyo. Yakiendelea, hamishia poti ya 8 uone kama yanaufuata waya au yanabaki pale pale. Stoo panya wapo?

Fundi wa Chuo:
Wapo. Naenda na tochi sasa hivi.