Kompyuta inasoma 169.254: tupeane uzoefu

Mdau, Ujiji: Wakuu, kompyuta ya nyumbani ikikosa anwani ya mtandao (namba inayoitambulisha kwenye mtandao), usikimbilie kupiga Windows upya. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Basi tafuta ombi linakatikia wapi. Shika simu kwanza: ikiingia Wi-Fi ileile vizuri, ruta (kifaa kinachosambaza mtandao nyumbani) inagawa anwani.

Mdau, Gungu: Andika ipconfig /release kuachia anwani, kisha ipconfig /renew kuomba upya. Ikigoma, fungua services.msc (orodha ya huduma za Windows) uhakikishe DHCP Client, huduma inayoomba anwani, inafanya kazi. Bado? Fungua cmd kwa haki za admin: netsh winsock reset, halafu netsh int ip reset, kurudisha mipangilio ya mtandao ilivyokuwa mwanzo, kisha uzime na kuwasha.

Mdau, Isevya, Tabora: Msisahau waya, wakuu. Kichwa cha RJ45 (kile cha plastiki mwishoni mwa waya wa mtandao) kiinue kwenye mwanga ukitazame kwa mbele: ncha nane za shaba zinatakiwa zing'ae zote, zimegusa mwisho wa plastiki. Nyaya namba 1, 2, 3 na 6 ndizo zinazobeba mtandao wa kasi ya 100 Mbps. Mmoja ukibaki nyuma, taa ya tundu inapepesa au haiwaki kabisa. Ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe, vinginevyo ukivuta kidogo tu nyaya zinachomoka. Na msimu huu wa mvua, radi inaua tundu moja la ruta na kuacha mengine mazima. Hamishia waya tundu la pili kabla hujanunua kitu.

Mdau, Cheyo, Tabora: Nyumba za kupanga shida kubwa ni anwani kuisha. Ruta ikiwekwa igawe 192.168.1.100 hadi 110, ni vifaa 11 tu, na simu ya mgeni aliyeondoka asubuhi bado inashikilia yake mpaka muda iliopewa na ruta uishe. Panua hadi 199, muda upunguze uwe saa 2.

Mdau, Ujiji: Hapo umenena, mkuu. Kuthibitisha, mpe kompyuta anwani kwa mkono: 192.168.1.50, maski 255.255.255.0, geti (anwani ya ruta yenyewe) 192.168.1.1, kama ruta yako ndiyo inayotumia hiyo. Kisha kwenye cmd andika ping 192.168.1.1, uone kama ruta inajibu. Ikijibu, waya na kadi ya mtandao ni vizima, kinachogoma ni ugawaji. Ukimaliza rudisha kwenye kupokea yenyewe, maana ukiihamishia kwenye ruta yenye anwani za aina nyingine haitashika.