Rafiki kaninunulia kitabu cha Majimaji zawadi ya Krismasi, kumbe kauziwa kopi isiyo na kurasa 32. Huu ni wizi!

Wakuu, heri ya mwaka mpya. Hili jambo limenikaa kooni tangu Krismasi, leo nalitoa.

Tuko marafiki watatu, tulianza pamoja kidato cha kwanza Songea, sasa wote tunatafuta maisha Dar. Tuna utaratibu wetu wa miaka mingi: Krismasi ikifika tunapeana vitabu vya historia. Si mashati, si manukato, ni vitabu. Mwaka juzi nilipewa cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Shuleni nilimsoma Mkwawa kwa aya moja ya kukariri, sikujua kwamba fuvu lake, lililochukuliwa na Wajerumani, liliandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, Wajerumani wakapewa miezi sita kulitoa, na bado halikufika kwao Kalenga, Iringa, mpaka 1954. Miaka 35! Usiku ule sikulala vizuri. Ndiyo maana zawadi hizi kwangu ni kitu kikubwa.

Sasa safari hii rafiki yangu alijua naenda nyumbani kwa mzee. Akazunguka Jumamosi tatu mjini kutafuta kitabu cha Vita vya Majimaji, vile babu zetu wa kusini walivyopigana na wakoloni wa Kijerumani kuanzia 1905, akakipata kwenye duka moja la vitabu, akalipa 60,000. Mshahara wake naujua, na ana watoto wawili wa kuwalipia ada Januari hii. Akaandika kwa mkono ukurasa wa kwanza: "Usome na mzee."

Nikafanya hivyo. Baba yangu amevuka miaka 80, macho hayaoni tena maandishi madogo, lakini masikio yako salama. Kila jioni baada ya kula tunakaa barazani, mimi nasoma, yeye anasikiliza, mara ananikatiza: "Hapo ngoja, bibi yangu alisimulia hivyo hivyo." Tukasoma Kinjikitile, yule mganga, na maji yake ya kuzuia risasi kule Ngarambe, tukasoma Wajerumani walivyochoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mzee alikuwa anasubiri tufike kwetu, tufike Songea, tarehe 27 Februari 1906, walipoanza kunyongwa mashujaa wa Kingoni. Alikuwa anasubiri Nkosi, yaani chifu, Mputa Gama. Alikuwa anasubiri Nduna, yaani kiongozi wa vita, Songea Mbano, ambaye ukoo wake unasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mpaka leo wanakidai.

Nafika ukurasa wa 112, sentensi imekatika katikati. Nafunua, ukurasa wa 145. Sentensi nyingine kabisa, mambo mengine kabisa. Mzee ananiambia, "Endelea, mwanangu." Nikashindwa la kumwambia.

Ndipo nikakichukua hicho kitabu nikakikagua kwenye mwanga. Jalada la rangi limebandikwa kwa gundi juu ya karatasi za kopi. Ramani zote ni doa jeusi, huwezi kutofautisha Kilwa na Mahenge. Picha za wafungwa waliofungwa minyororo shingoni, nyuso hazionekani, zimekuwa kiza kitupu. Ukurasa wa 87 pembeni kuna kivuli cha kidole gumba cha mtu aliyekuwa anabana kitabu kwenye mashine! Kidole kabisa, na kucha yake. Na hawa wanauza kama kitabu kipya, bei ya kitabu halisi.

Niliporudi Dar nikaenda dukani. Muuzaji hakuniangalia hata usoni. Kwanza akasema mimi siye niliyenunua. Nikamwambia ni zawadi. Akataka risiti, nani anaweka risiti kwenye zawadi? Mwisho akafunua ukurasa wa kwanza, akaona yale maneno matatu ya rafiki yangu, akasema kimeshaandikwa, hakirudishwi. Yaani upendo wa mtu ndio aliougeuza sababu ya kuninyima haki yangu.

Na kilichoniuma zaidi ni kumwambia rafiki yangu. Nilikaa wiki nzima nikitafuta maneno. Nilipomwambia alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Nisamehe, kaka." Anisamehe nini? Yeye amekosa nini? Ameibiwa yeye, nimeibiwa mimi, na mwandishi naye ameibiwa, yeye aliyepanda na kushuka vijijini kuwahoji wazee ambao leo hawapo tena. Sheria ya hakimiliki tunayo, ya mwaka 1999, na kopi zinapangwa mbele ya duka mchana kweupe.

Rais wa Ujerumani alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa waliyotendewa babu zetu. Halafu sisi wenyewe, hapa hapa Dar, tunawanyofoa mashujaa wale wale kwenye kitabu ili kubana gharama ya karatasi na wino. Nina hasira, wakuu, siwezi kuficha.

Mkinunua kitabu cha zawadi, kifunueni hapo hapo dukani, hesabuni kurasa mpaka mwisho, angalieni ramani na picha, daini risiti na muibakize ndani ya kitabu hata kama mnaona aibu.

Na kama kuna mtu humu mwenye nakala halisi, Dar au Songea, naomba anifuate inbox nimtajie jina la kitabu. Sitakiazima, wala sitapiga kopi. Nitakuja nikae mbele yako, nisome kurasa 113 mpaka 144, ninakili kwa mkono kwenye daftari. Mzee kapiga simu tena jana kuuliza tumefikia wapi.