Mjadala: Wazee wa Karibiani na vijana wasio na makazi, paa moja au kila mmoja na lake?

Mleta mada

Ndugu zangu mlioko kwenye kazi za hisani hapa Uingereza, naomba tulijadili hili kwa kina. Handsworth kule Birmingham, Chapeltown mjini Leeds, St Pauls mjini Bristol, Brixton kule London na Moss Side kule Manchester, kote huko kuna mashirika madogo yaliyoanzishwa na watu wa Karibiani waliohamia baada ya meli ya Empire Windrush kutia nanga Tilbury, Juni 1948. Aliyefika akiwa na miaka 20 mwaka 1960 sasa amevuka 85. Shirika la namna hiyo huwa na ukumbi, jiko, chakula cha mchana mara moja au mbili kwa wiki na meza za domino. Siku zilizobaki ukumbi umefungwa. Wakati huohuo halmashauri zinatafuta wa kuwapokea vijana wasio na makazi, na zina mikataba mkononi. Je, shirika la wazee liuchukue mkataba huo?

Mimi nasema lichukue, kwa sharti la kutenganisha vitu vitatu: mfuko, mlango na mfanyakazi. Wala si jambo geni. Miaka ya 1970, kwenye Holloway Road, London, kulikuwa na nyumba ya vijana weusi waliokosa pa kulala, ikiendeshwa na Herman Edwards, mhamiaji kutoka Karibiani. Jina lake? Harambee. Waliazima neno letu kwa sababu walielewa maana yake.

Mtunza vitabu

Nakuheshimu, mleta mada, lakini umelitaja jina moja la Kiswahili ukaliacha la pili. Chama cha nyumba cha Ujima kilianzishwa London mwaka 1977, nacho kilianza na vijana weusi wasio na makazi. Kilikua, kikajitosa kwenye ujenzi kuliko uwezo wake wa kusimamia, na mwaka 2008 kikafilisika, nyumba zake zikaenda kwa London & Quadrant, chama kingine cha nyumba. Wema wa nia haukukiokoa.

Shirika dogo haliangushwi na wizi, linaangushwa na kalenda. Ruzuku ya chakula cha wazee huingia mapema, kwa mkupuo. Kodi ya vyumba vya vijana hulipwa kwa Housing Benefit, yaani msaada wa umma wa kulipia pango, na hulipwa nyuma: kijana anaingia leo, fomu inakwenda halmashauri, na wiki kadhaa zinapita kabla ya senti kuingia. Mshahara wa mlinzi wa usiku hausubiri. Hapo mtu anafungua akaunti, anaona fedha za chakula cha wazee zimetulia, anasema "tukope kidogo, tutarudisha." Kisheria zile ni fedha zenye masharti. Kuzitumia kwa kazi nyingine ni kuvunja amana, na wadhamini, yaani wanaolisimamia shirika, wanaweza kudaiwa kutoka mifukoni mwao.

Tuseme vyumba ni 6, kodi £200 kwa wiki kila kimoja. Chumba kimoja kikikaa wazi wiki 5 umepoteza £1,000. Vijana wawili wakicheleweshewa malipo wiki 8, £3,200 ziko hewani. Shirika lisilo na akiba huru ya angalau miezi 3 ya gharama za vijana peke yake lisisogelee mkataba huu. Nasema akiba huru, maana jengo lenyewe si akiba. Huwezi kumlipa mlinzi kwa matofali.

Mleta mada

Hapo kwenye miezi 3 nakubali, dada. Akaunti mbili za benki, na ripoti ya kila mwezi kwa wadhamini yenye safu mbili, si jumla moja. Jumla moja huficha kila kitu.

Msimamizi wa hosteli

Naona mnajadili fedha kana kwamba "kijana" ni neno moja. Si moja. Mwenye miaka 16 au 17 asiye na pa kulala hapaswi kufika kwenu kwanza. Tangu hukumu ya kesi ya halmashauri ya Southwark ya mwaka 2009 inajulikana kwamba idara ya watoto ya halmashauri ndiyo inayobeba jukumu chini ya kifungu cha 20 cha Sheria ya Watoto ya 1989. Na tangu 28 Oktoba 2023, nyumba ya usaidizi inayowapokea walio chini ya uangalizi wa halmashauri wenye umri huo lazima isajiliwe na Ofsted, mkaguzi wa serikali wa shule na huduma za watoto. Shirika la wazee lisiguse hilo. Lianze na miaka 18 hadi 24.

Kwa hao wa 18 na kuendelea, Sheria ya Kupunguza Ukosefu wa Makazi ya 2017, iliyoanza kazi Aprili 2018, inaipa halmashauri siku 56 za kuzuia mtu asipoteze makazi, na siku 56 nyingine za kumsaidia kupata pengine akishayapoteza. Penye kuharibika ni ushahidi. Kijana analala kwa shangazi wiki mbili, kwa rafiki wiki tatu, kwenye basi la usiku siku mbili. Halmashauri inataka uhusiano na eneo, ambao kwa kawaida ni kuishi hapo miezi 6 kati ya 12 iliyopita, au miaka 3 kati ya 5. Hana bili, hana mkataba. Basi siku ya kwanza, kabla ya mambo ya kazi na masomo, kaa naye mwandike orodha ya kila mahali alipolala na tarehe zake, kisha tafuta barua: shule, daktari, yule shangazi, kituo cha kazi. Barua ya shangazi iseme wazi tarehe aliyoingia, tarehe ya kuondoka na kwamba hawezi kurudi. "Tumegombana" haitoshi.

Kosa lingine ni kumpeleka halmashauri Ijumaa saa kumi jioni. Mpeleke Jumatatu asubuhi ukiweza. Ikibidi iwe Ijumaa, omba uamuzi wa maandishi kuhusu makazi ya muda. Jibu la mdomo ni gumu kulipinga, la maandishi linapingika.

Halafu mtego wa kazi. Kwa viwango vya 2025/26, mtu mmoja chini ya miaka 25 alipata Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, £316.98 kwa mwezi, ikipungua peni 55 kwa kila pauni anayopata kazini. Kwa asiye na mtoto wala ugonjwa, alipofika takriban £576 za mshahara kwa mwezi ilikuwa imekwisha. Baada ya hapo Housing Benefit, ambayo ndiyo inayolipa ile kodi kubwa ya hosteli, humegwa peni 65 kwa kila pauni. Kijana anaongezewa zamu mbili dukani, mwisho wa mwezi anadaiwa kodi. Anaacha kazi, au anaacha kulipa. Wapo wanaotolewa hosteli kwa deni, si kwa fujo. Kuna pia mchango wa maji, umeme wa chumbani na chakula, ambao Housing Benefit hailipi kabisa. Kijana asipoelezwa siku ya kusaini, deni limeanza na hajui.

Mshauri wa mafao

Kaka, umeeleza vizuri, na maelezo yako ndiyo hoja yangu ya kupinga. Unayoyajua wewe na anayopaswa kuyajua mshauri wa wazee ni elimu mbili. Mashirika madogo humwajiri mtu mmoja wa "ushauri" kwa siku tatu za wiki, humkabidhi wote wawili, na kijana mwenye barua ya kufukuzwa kesho daima atampita bibi mwenye fomu inayoweza kusubiri. Fomu ya bibi itasubiri mpaka haki yake ipotee. Mshika mbili, moja humponyoka.

Pension Credit, nyongeza ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo, inaweza kulipwa nyuma kwa miezi 3 tu. Aliyechelewa mwaka mzima amepoteza miezi 9, na hairudi. Wazee wengi hawaombi kwa sababu wana akiba kidogo na wanadhani inawazuia. Akiba ya £10,000 ya kwanza haihesabiwi kabisa. Ikizidi, kila £500 au sehemu yake huhesabiwa kama £1 ya mapato kwa wiki. Mwenye £11,200 anahesabiwa £3 tu. Hapa muulizeni kuhusu pardner, ambao ni upatu wetu kabisa: watu kumi, kila mmoja £100 kwa mwezi, mmoja anachukua £1,000 kwa zamu. Fungu likiingia benki linahesabiwa kama akiba, na asiyelitaja anaweza kudaiwa baadaye. Mshauri asiyelijua neno hilo hataliuliza.

La pili ni safari. Mzee anataka kukwepa baridi Jamaika wiki 6. Pension Credit huendelea safari isipotarajiwa kuzidi wiki 4. Ikijulikana tangu mwanzo kwamba ni wiki 6, husimama tangu siku anayoondoka. Akifiwa na ndugu wa karibu huko anaweza kuongezewa hadi wiki 4, ila lazima atoe taarifa. Anayetaka kurudi moja kwa moja aelezwe kwamba pensheni ya serikali huongezwa kila mwaka kwa anayeishi Jamaika au Barbados, lakini kwa anayeishi Trinidad au Grenada hugandishwa pale ilipofikia.

Attendance Allowance, posho ya mzee anayehitaji msaada wa kujihudumia, haiangalii mapato wala akiba. Kwa 2025/26 ilikuwa £73.90 au £110.40 kwa wiki. Piga simu kuomba fomu: ukiirudisha ndani ya wiki 6, madai huhesabiwa tangu siku ya simu. Inayoharibu ni heshima ya mzee mwenyewe. Anaulizwa kama anaweza kuoga, anajibu "naweza." Anaweza kwa dakika 50, akishika sinki, akiwa amejifungia ili binti yake asimwone. Hayo ndiyo ya kuandikwa, na kuyapata kunahitaji saa mbili za utulivu, bila mtu kugonga mlango.

Na jeraha la Windrush bado liko wazi. Waliofika kabla ya 1 Januari 1973 walikuwa na haki ya kukaa, lakini wengi hawakupewa karatasi, na ikafika 2018 taifa likajua kwamba watu walikuwa wamenyimwa kazi, matibabu na nyumba, wengine wakafukuzwa nchini. Mpango wa fidia ulianza 2019. Tangu Desemba 2020 kipengele cha athari kwa maisha kinaanzia £10,000. Wazee wengi wanaogopa kwamba fidia hiyo itawakatia mafao. Haihesabiwi kwenye akiba yao. Sentensi hiyo moja inaweza kumfanya mtu akubali kuomba.

Mdhamini

Niongeze la sheria, maana kuna wanaosema shirika likipokea vijana wa kila asili litapoteza uhalali wa kuwa la Wakaribiani. Sheria ya Usawa ya 2010, kifungu cha 193, inaliruhusu shirika la hisani kuwahudumia watu wa asili fulani kama katiba yake inasema hivyo na lengo ni kurekebisha hasara waliyonayo. Haliruhusiwi kuchagua kwa rangi ya ngozi. Basi "wazee wenye asili ya Karibiani" inasimama, "wazee weusi" haisimami. Kwa vijana, halmashauri itapeleka yeyote, awe wa Kingston, Mogadishu, Goma au Wolverhampton. Katiba ikitaja wazee tu, huwezi kusaini mkataba wa vijana kabla ya kubadili malengo, na mabadiliko hayo yanahitaji kibali cha Tume ya Mashirika ya Hisani. Kuna mashirika yanayosaini kwanza, yanasoma katiba baadaye.

Mpishi wa ukumbi

Jiko mnalipita haraka mno. Wali na maharage ya Karibiani hupikwa kwa maharage mekundu na tui la nazi. Maharage makavu yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Sufuria ya umeme ya moto mdogo haiui sumu ya maharage hayo. Wali uliobaki utandazwe kwenye trei pana, upoe ndani ya saa moja hadi mbili, uingie friji. Cha moto kikae 63°C au zaidi. Samaki wa chumvi alowekwe usiku na maji yabadilishwe, maana presha imejaa ukumbini. Mwenye ugonjwa wa figo, viazi vikuu na ndizi mbichi vichemshwe kwa maji mengi yamwagwe, kwa sababu ya potasiamu.

Sasa waza jiko hilohilo linatumika na vijana sita saa nne usiku. Friji inafunguliwa mara arobaini, trei ya wali inasogezwa nje ili pizza iingie, inarudishwa asubuhi. Mzee wa miaka 88 akiharisha siku mbili anaweza kulazwa. Friji mbili, moja na kufuli. Bila hivyo napinga.

Mleta mada

Friji mbili zimeingia kwenye masharti yangu, dada, pamoja na washauri wawili wenye siku tofauti. Kwa asiye na fedha za hayo yote kuna njia ndogo: kijana kuishi kwa mzee mwenye chumba cha ziada, kwa mchango mdogo na takriban saa 10 za msaada kwa wiki.

Mshauri wa mafao

Hiyo njia ni nzuri kwa wengine, lakini si kwa kijana aliyetoka barabarani jana. Inahitaji mtu aliyetulia, barua mbili za watu wanaomfahamu, ukaguzi wa rekodi za jinai, na majaribio ya wiki kadhaa. Na kabla ya yote hesabu upya mafao ya mzee: anayelipa kodi kwa Housing Benefit anaweza kukatwa kwa sababu mtu mzima mwingine amehamia, na anayepunguziwa kodi ya halmashauri kwa kuishi peke yake anaweza kupoteza punguzo hilo la asilimia 25. Usimpe mzee mgeni na bili siku moja.

Msimamizi wa hosteli

Kwa hiyo tumebaki na jambo moja ambalo hakuna aliyelijibu: funguo. Alhamisi wazee wanatoka saa tisa alasiri, vijana wanaingia kwa mlango wa nyuma saa kumi na moja. Kwenye yale masaa mawili, nani yuko ndani ya jengo, na analipwa kutoka mfuko upi?

Mtunza vitabu

Mfuko wa vijana. Uandikwe kwenye bei ya mkataba kabla ya kusaini, kama masaa mawili kwa kila siku ya wazee. Halmashauri ikikataa kuyalipa, msisaini.