Maketi ya Mirage: kivitri kimekuwa cheupe, ndege inakalia mkia, na papa anasema si ya kwao. Munisaidie

Mwana_wa_Kadutu (Bukavu)

Bandugu jambo, muko aje. Niko naomba ushauri mbele niharibu kabisa kile kimebakia.

Binamu yangu alitoka Ubelgiji na karto ya maketi ya plastiki (kandege ka kujijengea), Mirage III E, ile ndege ya vita ya Wafaransa, skeli 1/72 (yaani ndogo mara 72), akanipa juu anajua papa yangu alikuwa mekanisye wa Mirage kule Kamina wakati wa Zaire. Mzee sasa miguu haimtii, anashinda barazani anaangalia ziwa, nikasema nitamjengea hii ndege nimuwekee kwenye meza yake. Mi kazi yangu ni kutengeneza telefone, nikajidanganya kwamba mkono ni ule ule.

Ya kwanza: kole haikuwa ndani ya karto, nikachukua super glue ya mafundi viatu, nikabandika kile kivitri cha rubani usiku nikafunga karto nikalala. Asubuhi nakuta kimefanya ukungu mweupe kama jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho, rubani haonekani tena, na nilikuwa nimempaka mpaka mikanda ya kiti kwa kijiti cha meno, saa mbili nzima! Ya pili: pua bado sijaibandika, ila hata nikiishikiza na skochi ndege inakalia mkia, inaangalia juu kama mbwa anaomba nyama.

Ya tatu ndio ilinivunja. Nikamuonyesha mzee, akapitisha kidole kwenye pua, polepole, akairudisha. "Hii si yetu. Yetu ilikuwa na pua nyembamba." Basi. Akaendelea na chai yake.

Niache tu niibandike vile iko ama kuna dawa?

fundi_wa_vidogo (Goma)

Pole ndugu, hiyo ya kivitri kila mtu anaipata mara ya kwanza, mimi niliharibu mbili. Super glue ikikauka inatoa mvuke, na wewe uliifungia ndani ya karto, mvuke ukakosa pa kwenda ukakaa kwenye plastiki. Usijaribu kung'oa na kisu, na ile disolva ya kucha usiisogeze hata mezani, inayeyusha plastiki.

Weka ndege kwenye konjelatere saa kama tatu hivi, super glue ikipata baridi kali inakuwa kama biskuti. Ukitoa, sukuma kivitri pembeni na ukucha, kitaruka chenyewe. Kisha sugua ule ukungu ndani na nje na dawa ya meno kwenye kitambaa cha pamba, mizunguko midogo, usiwe na haraka. Ukiwa mzito pita kwanza na msasa wa maji namba 2000. Kukirudisha tumia kole nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani na haitoi mvuke.

Yaya_Nyawera (Bukavu)

Konjelatere saa tatu, hapa Bukavu? Umeme ukikuja piga simu kwanza kwa mama wa samaki, ndege ilale juu ya sambaza zake 😂

Mi najua mambo ya rangi tu, tunapaka magari kwetu. Usipulize bombi ya rangi siku ya mvua, tena mvua ya hapa haiombi ruhusa. Maji ya hewani yanaingia kwenye rangi mbichi na yenyewe inafanya ukungu, utalia mara ya pili. Ngoja jua, tumbukiza bombi kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache (maji, si moto wa makala, tafadhali), simama sentimita 25 hivi, pitisha nyembamba tatu badala ya nzito moja, juu rangi ya gari ikilala nzito inakula plastiki. Na mbele ya yote osha vipande na sabuni ya sahani, vinatoka kwenye kalibu ya kiwandani na mafuta.

Mzee_wa_Nguba (Bukavu)

Mwanangu, papa yako ana haki, umpe heshima yake. Zaire ilinunua Mirage 5, haikuwa Mirage III. Hiyo 5 ilizaliwa kwa sababu ya Israeli: waliwaambia Dassault, kiwanda cha Mirage, kwetu jua liko kila siku, mutuondolee ile rada ya puani, mutuwekee mafuta na mabomu. Iliruka mara ya kwanza mwezi wa 5 mwaka 1967, halafu vita ya Israeli na Waarabu ya mwezi wa 6 ikaleta maneno, de Gaulle, rais wa Ufaransa, akakataza zisitoke, zile 50 za Israeli zikabaki Ufaransa. Wabelgiji wao walichukua 106. Sisi tukapata zetu katika miaka ya 1970.

Rada ikiondoka pua haina sababu ya kuwa nene, inanyooka. III E ina mita 15.03, ya 5 ina 15.55. Mabawa ni yale yale, mita 8.22. Nani anaona nusu mita kwenye ndege iko inapita? Mtu aliyekuwa anaisukuma na mabega kuiingiza hangari anaiona.

dogo_Himbi (Goma)

Kwa mkia ni rahisi grâ, tafuta risasi zile za nyavu kwa wavuvi, gonga na nyundo zikuwe ndogo, jaza puani na kole nyeupe, kwisha.

fundi_wa_vidogo (Goma)

Dogo hapana!! Risasi sawa, kole nyeupe hapana. Ile kole ina asidi kidogo, inakula risasi polepole, risasi inavimba, mwaka mmoja ama miwili pua inapasuka yenyewe kwenye meza. Tumia araldite, kole ile ya tube mbili za kuchanganya. Na ukimaliza kugonga risasi nawa mikono mbele ya kugusa ugali. Ndugu, pima mbele ya kufunga: shikiza vyote na skochi, magurudumu pia, ongeza uzito kidogo kidogo mpaka pua ishuke, halafu ongeza tena kidogo juu rangi nayo ina kilo zake.

Sasa pua yenyewe. Nusu mita ukigawa kwa 72 ni milimita 7, yaani upana wa kalamu ya biki. Una bahati mbili: pua bado haijabandikwa, na karto yako ni III E, ndio mwili walioutumia kwa 5. Chukua ile pua nene, ujaze ndani na araldite na risasi, ikauke kabisa, ongeza mbele kipande cha ule mti wa plastiki vipande vilikuwa vimeshikilia, kisha chonga na tupa mpaka inyooke. Bila kuijaza kwanza utatoboka upande wa pili. Chini ya kokpiti angalia kama kuna kivimbe, hicho ni cha III E, kiparue. Na tafuta picha ya ndege ya upande, usichonge kwa kichwa.

Mwana_wa_Kadutu (Bukavu)

Bandugu ninarudi, wiki mbili zimepita.

Kivitri kiliruka kweli, tak! kikaingia chini ya kabati, tulikitafuta na taa ya telefone familia nzima. Dawa ya meno imekirudisha, si kama mpya, kuna kamkwaruzo upande wa kushoto ila rubani anaonekana na mikanda yake. Yaya, kweli ni konjelatere ya mama wa samaki, alinitoza ndoo moja ya maji na ndege inanukia sambaza mpaka leo. Risasi nimeweka, inasimama kwa magurudumu matatu.

Pua ndio hadithi. Picha ya upande sikupata nzuri, nikaanza kuchonga pale barazani, mzee ananiangalia tu. Siku ya pili akasema "umepita." Nikasema wapi papa, akasema "chini, umekula sana chini," akanyoosha mkono nikampa tupa nimuachie anionyeshe. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo ni Jumamosi na tupa hajanirudishia, amevaa miwani mbili moja juu ya nyingine, anachonga kidogo anafunga jicho moja anaangalia, anachonga tena. Nimemuuliza rangi tupake gani akasema nisimsumbue iko kazini.

Yaya, ile bombi nisinunue kwanza.